Gramu Arobaini na Nne

Mwenye karakana ya sabuni alikuwa amelala kifudifudi kwenye sakafu ya stoo, mkono mmoja chini ya tumbo, kalamu ingali imebanwa kati ya vidole vya mkono wa pili. Kisogo kilikuwa kimepasuka. Kando yake ulilala mwiko wa chuma wa kukorogea sabuni, na ncha yake moja ilikuwa na damu iliyoanza kukauka.

Inspekta alichuchumaa bila kugusa kitu. Saa saba na nusu mchana, chini ya mabati yasiyo na dari, stoo ile ilikuwa na joto la kumtoa mtu roho. Juu ya rafu palikaa dumu la chuma lenye mafuta ya nyonyo. Chini yake ulichomoza mrija wa shaba, tundu lake la kupita njiti ya kiberiti, umezibwa kwa kizibo cha mti. Mbele ya mrija, juu ya kigoda, palikuwa na beseni la mafuta. Mizani ya jikoni ilikuwa imepinduka sakafuni pamoja na kikombe, na mafuta yaliyomwagika yalikuwa yamekanyagwakanyagwa.

"Nani ameziba huu mrija?"

"Mimi, afande." Aliyejibu alikuwa mfungashaji, mama wa makamo anayefanya kazi za mchana tu pale karakana. Ndiye aliyeikuta maiti.

"Kabla ya kumwona au baada?"

"Kabla. Nilifungua mlango, nikaona beseni linakaribia kujaa, nikasema mzee leo anamwaga mali. Nikaziba kwa mazoea. Ndiyo nageuka hivi..." Akaonyesha sakafu.

"Saa ngapi?"

"Saa saba kamili. Niliogopa nimechelewa, nikatazama saa ya ukutani."

Daktari wa uchunguzi wa maiti alifika, akapima, akakuna kidevu. "Kati ya saa mbili na saa tano asubuhi," alisema. "Usinibane zaidi ya hapo. Humu ndani ni tanuri, mwili haupoi kama ipasavyo."

Muda wa saa tatu nzima! Katika saa tatu mtu anaweza kuua, akaoga, akanywa chai na kujitafutia mashahidi. Inspekta alitazama beseni, akatazama mrija, na hapo akapata wazo. Wazo lenyewe lilimpendeza mno, na ndilo lililokuja kumtokea puani.

Alifikiri hivi: marehemu alizibua mrija, na kabla hajauziba akapigwa. Mafuta yakaendelea kudondoka mpaka mfungashaji alipoyakatiza saa saba kamili. Basi beseni lile ni saa. Ukijua yanadondoka kiasi gani kwa dakika, unajua yalianza lini.

Aliomba mizani nyingine. Saa nane na nusu akazibua mrija, akakinga kikombe dakika kumi kwa saa ya mkononi, akapima. Gramu mia na tano. Mafuta ya kwenye beseni yalikuwa gramu elfu moja mia sita na hamsini. Akapiga hesabu kwenye simu, akarudia mara mbili: dakika mia na hamsini na saba. Mauaji yalifanyika saa nne na dakika ishirini na tatu asubuhi.

Mchomeleaji wa jirani naye alishasema. Mchanganyaji wa pale karakana, ambaye wote humwita Fundi, aliingia saa nne na robo na kutoka kabla ya saa tano. Tangu alipofungua kazi yake saa nne, mchomeleaji hakumwona mtu mwingine akiingia. Tena juzi yake Fundi na bosi wake waligombana mpaka mtaa mzima ukasikia. Mwiko nao ulijaa alama za vidole vya Fundi, ingawa ulikuwa ni mwiko wake, sasa zingekuwa za nani?

Saa kumi jioni Fundi alikuwa amekwisha tiwa pingu.

"Ulifika karakana saa ngapi?"

"Saa nne na robo."

"Kabla ya hapo?"

"Nilikuwa kwa mchapaji, nachukua lebo. Tangu saa mbili na nusu. Nimesaini kwake."

Inspekta hakuandika hilo. Halikuwa na kazi. "Ukaondoka saa ngapi?"

"Saa tano kasoro dakika kumi hivi."

"Bosi wako alikuwa wapi?"

"Stoo. Taa ilikuwa inawaka, niliiona chini ya mlango."

"Mlisalimiana?"

"Hapana."

"Dakika thelathini na tano, mlango mmoja katikati, hukumsalimia?"

Fundi alikuwa mtu wa miaka arobaini, mwenye mikono iliyochubuliwa na magadi. Aliitazama hiyo mikono. "Tulikuwa tumenuniana, afande."

"Kwa lipi?"

"Wateja walirudisha mafuta ya kupaka watoto, haya tunayotengeneza kwa nyonyo. Walisema yanawatoa watoto vipele. Bosi akaniambia mimi nazidisha manukato. Nikamwambia manukato ni yale yale miaka sita, kapime mafuta yenyewe. Tukarushiana maneno. Sasa leo asubuhi nikaona taa, nikasema moyoni, leo aanze yeye kunisalimia. Nikakoroga sabuni yangu kwa mwiko wa akiba, nikapakia boksi zangu, nikaenda dukani."

"Aanze yeye."

"Ndiyo, afande."

"Na yeye alikuwa maiti."

"Sikujua."

Inspekta alifunga daftari. Alikuwa amesikia visa vingi, lakini cha mtu aliyenuna nje ya mlango wa maiti kilikuwa kipya, na hakukiamini hata kidogo. Mkuu wa upelelezi alipopigiwa simu alifurahi. Jalada lipelekwe mahakamani kesho saa nane mchana, alisema, mtu asomewe shitaka. Mauaji hayana dhamana. Akishasomewa, Fundi angekaa rumande mpaka kesi iishe, na kesi za namna hiyo humaliza miaka ya mtu.

Saa kumi na moja mwanamke mmoja alisimama mbele ya kaunta ya kituo na kikapu. Alikuwa mwembamba, amevaa miwani iliyofungwa uzi upande mmoja.

"Wewe ndiye uliyepima mafuta?"

"Wewe nani?" Inspekta aliuliza.

"Dada yake Fundi. Mfungashaji amenisimulia. Nina swali moja tu, afande, kisha nitakuacha."

"Uliza."

"Ulipima saa ngapi?"

"Saa nane na nusu."

"Na marehemu aliuawa saa nane na nusu?"

Sajini, askari wa kike aliyekuwa akiandika pembeni, aliinua kichwa. Inspekta alitaka kucheka, cheko likamkwama. "Unakusudia nini, mama?"

Mwanamke yule alikuwa mtunza maabara wa shule ya sekondari. Wanafunzi humwita Mama Matone, na jina hilo amelipata kwa haki. Nyuma ya jiko lake ana miche mia kwenye makopo, kila mche na chupa yake inayodondosha maji, na kila chupa anajua inatoa nini kwa saa. Shule haina chombo cha kupimia mtiririko mdogo kiasi hicho, na mshahara wake hauwezi kukinunua. Basi hupima kwa alivyo navyo: mizani ya jikoni, bomba la sindano, saa, na subira ya kumchosha malaika.

"Una asali nyumbani?" alimuuliza Inspekta.

"Ninayo."

"Imimine alfajiri, kisha imimine mchana wa jua. Ya alfajiri utaingoja mpaka chai ipoe. Mafuta ya nyonyo ndivyo yalivyo, tena yamezidi. Wewe umeyapima yakiwa yamepata joto, yanakimbia. Asubuhi yalikuwa yanatambaa. Ukichukua mwendo wa saa nane ukaupeleka asubuhi, lazima upate muda mfupi kuliko ulivyokuwa. Beseni lile lilianza kujaa mapema, afande. Kabla ya saa nne. Kabla mdogo wangu hajafika."

"Hayo ni maneno."

"Ndiyo maana nimekuja na mizani."

Inspekta alitaka kumwambia mama yule aende nyumbani akalale. Badala yake alimwambia Sajini, "Mwonyeshe ile picha."

Ilikuwa picha ya karatasi iliyobandikwa ukutani mwa stoo, kwa mwandiko wa marehemu. Polisi waliiona, wakaipiga picha, wakasema ni vipimo vya kuchanganyia sabuni. Iliandikwa hivi: *Ya zamani, dk 10, 18. Mpya, dk 10, 43. Mpya tena, dk 10, 44.*

Mama Matone alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. "Maskini," alisema. "Kumbe alipima."

"Alipima nini?"

"Mafuta. Hii njia nilimfundisha mdogo wangu, naye akamfundisha bosi wake. Unapitisha mafuta kwenye mrija ule ule, dakika kumi, unapima uzito. Nyonyo halisi ni nzito, hutoka kidogo. Ikitiwa kitu chepesi hutoka nyingi. Haihitaji mashine. Dumu la zamani limetoa gramu kumi na nane. Dumu jipya, asubuhi ile ile, arobaini na tatu. Hakuamini macho yake, akarudia. Arobaini na nne." Aliweka kidole juu ya kioo cha simu. "Na huu ndio mwendo wa mafuta dakika zake za mwisho. Wewe ulipata ngapi?"

"Mia na tano," alisema Inspekta kwa sauti ndogo.

Sajini alianza kuandika tena, ingawa hapakuwa na la kuandika.

"Dumu lile lile, mrija ule ule," Mama Matone aliendelea. "Kesho asubuhi tuzibue tungoje. Saa yatakapotoka arobaini na nne, ndiyo saa aliyokuwa hai anaandika. Hali ya hewa haijabadilika wiki nzima."

"Wewe ni dada wa mtuhumiwa. Hutagusa chochote."

"Nitakaa kwenye kiti nikunje mikono."

Asubuhi walikuwa stoo saa moja na nusu. Inspekta hakuwa amelala vizuri na hakulificha hilo. Alijaza chupa moja ya mafuta ya beseni, akaipiga lakiri kama kielelezo, na yaliyobaki akayarudisha dumuni ili kimo kiwe kama cha jana. Kisha Sajini akazibua mrija.

Ajabu ya kwanza ilikuwa kuyaona tu. Jana mchana yalitoka karibu kama uzi. Sasa yalitoka tone, likajikusanya, likaning'inia kama lenye mawazo, ndipo likaanguka. Inspekta aliyatazama. Alikuwa amemfunga mtu kwa uzi ule.

Saa mbili: gramu thelathini na nne.

"Bado," alisema Mama Matone kutoka kwenye kiti chake, mikono kakunja.

Saa mbili na nusu: thelathini na tisa. Jua likaanza kugonga mabati, bati likalia taratibu. Inspekta akaenda mlangoni, akarudi, akaenda tena. Je, yakichelewa kufika arobaini na nne? Yakifika saa nne na nusu, Fundi akiwa ndani ya karakana? Mwanamke yule naye hakuwa na utulivu ulioonekana. Kila Sajini alipoinua kikombe, mama huyo aliinama mbele kujaribu kuisoma mizani kwa mbali. Ni mdogo wake wa pekee, alikuwa amesema njiani, na yeye ndiye aliyemlea.

Sajini alikinga kuanzia saa tatu kasoro dakika kumi. Saa tatu kamili akakiweka kikombe juu ya mizani.

"Soma," alisema Inspekta.

"Arobaini na nne, afande."

Mama Matone alifumba macho. Inspekta hakufumba. Alifungua daftari mahali alipoandika maelezo ya watu wote, na kwa mara ya kwanza akayasoma akiwa na saa tatu asubuhi kichwani badala ya saa nne na dakika ishirini na tatu. Saa tatu Fundi alikuwa kwa mchapaji, kule alikosema ametia saini, jambo ambalo Inspekta mwenyewe hakuliandika ila alilikumbuka vizuri sana. Mke wa marehemu alikuwa kanisani na wenzake watano. Mfungashaji alikuwa hospitali na mjukuu. Akabaki mmoja.

Huyo alikuwa shemeji wa marehemu, mdogo wake mke, ambaye kazi yake ni kununua mafuta mashambani na kuyaleta karakana kwa gari dogo la mizigo. Jana alilia kuliko wafiwa wote. Maelezo yake yalikuwa mafupi: *Saa tatu na nusu hadi saa saba, gereji.* Kabla ya hapo hapakuwa na neno, kwa sababu hakuna aliyeuliza.

"Sajini, nenda kwa mchapaji, kisha gereji. Kwa fundi gari usimuulize saa tu. Muulize huyo bwana alifikaje, alikuwaje, gari lilikuwaje."

"Na haya?"

Inspekta aliangalia matone. "Weka beseni tupu. Yaache yaende mpaka saa saba. Kama mama huyu amesema kweli, yatajaza yale yale ya jana."

Shemeji aliletwa karakana saa sita, pamoja na dada yake, mjane. Mjane aliachwa uani na mfungashaji. Shemeji alikalishwa kwenye chumba cha kukorogea, meza ikiwa kati yake na Inspekta, na mlango wa stoo nyuma ya Inspekta umefungwa. Ndani ya stoo alikaa Mama Matone na konstebo mmoja, wakilinda beseni.

"Jana saa tatu asubuhi ulikuwa wapi?"

"Nilishasema, afande. Gereji."

"Gereji ulifika saa tatu na nusu."

"Basi nilikuwa njiani."

"Kutoka wapi?"

"Nyumbani."

"Ni dakika kumi kwa gari."

"Kulikuwa na foleni."

"Yule fundi gari wa gereji anasema pedali zako zilikuwa zinateleza. Alipokanyaga klachi mguu ulimchomoka, goti likagonga usukani. Alikutukana, anakumbuka vizuri. Akazifuta kwa tambara. Tambara tunalo."

"Mimi nabeba mafuta kila siku ya Mungu."

"Unayabeba nyuma. Kwenye pedali yalifikaje?"

Shemeji alitazama viatu vyake. Alikuwa kijana mtanashati, shati limepigwa pasi hata siku ya msiba.

"Viatu hivi ndivyo ulivyovaa jana?"

"Hapana."

"Vya jana viko wapi?"

"Viko... nimevifua."

"Umefua viatu vya ngozi?"

Inspekta alitazama saa. Saa saba kasoro dakika kumi. Saa nane gari la mahakama lingeondoka kituoni na Fundi ndani yake, na mpaka hapo yeye alikuwa na saini ya Fundi kwa mchapaji, tambara moja, na kijana mmoja mwenye jasho. Mkuu wa upelelezi alikuwa amepiga simu mara mbili. Mara ya pili hakupokea.

"Dumu jipya ulilileta lini?"

"Juma lililopita."

"Lina nini?"

"Nyonyo."

"Nyonyo tupu?"

"Tupu kabisa."

Mlango wa stoo ukafunguliwa. Sajini, aliyekuwa ameingia humo dakika chache kabla kuziba mrija na kupima, alisimama na karatasi mkononi. "Saa saba kamili, afande. Gramu elfu moja mia sita na kumi na mbili."

Jana ilikuwa elfu moja mia sita na hamsini. Inspekta aliandika namba zote mbili, moja chini ya nyingine.

"Pungufu kidogo," alisema Mama Matone nyuma ya Sajini. "Jana jua lilitangulia."

"Nini hicho?" aliuliza Shemeji. "Mnapima nini humo ndani?"

"Tunapima wewe ulivyokuwa hapa," Inspekta alisema. "Mafuta yako yamedondoka tangu saa tatu mpaka saa saba, yamejaza beseni kama jana. Aliyeyaacha yakidondoka alikuwepo saa tatu. Shemeji yako aliandika namba arobaini na nne ukutani, akafa. Nusu saa baadaye wewe uko gereji na mafuta kwenye pedali. Huna lazima ya kusema lolote. Utakalolisema litaandikwa na linaweza kutumika mahakamani. Lakini nakuuliza mara ya mwisho. Ulitia nini kwenye dumu?"

Mjane alikuwa amesimama kwenye mlango wa uani. Hakuna aliyemwona akija. Khanga yake ilikuwa imemteleza begani na hakujali.

"Jibu," alimwambia mdogo wake.

"Dada..."

"Afande amekuuliza. Jibu."

Kijana alifunika uso kwa viganja. Alipoanza kusema, maneno yalitoka haraka haraka, kama mtu anayetapika.

"Mafuta ya kukaangia yaliyokwisha tumika. Nayachuja kwa kitambaa, nachanganya. Safari tatu sasa. Nyonyo ilikuwa haba mashambani, na mimi nilishaahidi dumu limejaa, ningerudi na nusu dumu ningesema nini? Sikujua yatawadhuru watoto. Nilipojua, nilikuwa nimeshaleta."

"Endelea."

"Juzi jioni aliniambia nipite asubuhi. Nikapita. Akanionyesha karatasi: ya zamani kumi na nane, yako arobaini na tatu. Nikamwambia mizani mbovu. Akasema sawa, napima tena, simama uone. Tukasimama. Dakika kumi, afande! Dakika kumi tunatazama matone, yeye haniambii neno, mimi naomba Mungu yapungue. Kila tone naliomba lichelewe. Akapima. Arobaini na nne. Akaandika."

Sajini alikuwa akiandika bila kuinua uso.

"Nikamwambia shemeji, sema ni Fundi. Watu wote wameshaamini ni Fundi, utapungukiwa nini? Akanitazama kama hanijui. Akasema, nimemtukana mtu wa watu bure. Akija leo nitamwomba radhi mbele yako. Kisha nakwenda kukusanya chupa zote madukani, na kila mama mwenye mtoto nitamwambia ni nani aliyefanya. Na dada yako nitaanza naye. Akainama kusogeza beseni chini ya mrija. Mwiko ulikuwa umeegemea ukuta."

"Ungemwomba msamaha."

"Yeye ningemwomba. Dada ndiye sikumweza." Hakumtazama. "Kila kazi niliyopewa niliiharibu. Hii alinitafutia yeye, akaniwekea dhamana kwa jina lake, akasema safari hii usiniaibishe. Nilimwogopa dada."

Mjane alishika mwimo wa mlango. "Uliniogopa mimi," alisema pole pole, kama anayejaribu kuelewa lugha ngeni. "Kwa sababu ningekugombeza. Ukaona heri uniulie mume."

Mfungashaji alimwahi kabla hajaanguka.

Saa nane kasoro dakika kumi na tano Inspekta aliingia kituoni mbio, akachukua ufunguo yeye mwenyewe. Fundi alikuwa amekwisha tolewa mahabusu, amekaa kwenye benchi la ukumbini, pingu mikononi, akingoja gari. Alipomwona dada yake nyuma ya Inspekta alisimama, kisha akaogopa kuuliza.

"Umeachiwa," Inspekta alisema, akahangaika na pingu. "Ni shemeji wa bosi wako. Amekiri."

Dada mtu alimshika Fundi kichwa kwa mikono miwili, akakibana kifuani. Inspekta aliwaacha. Alikuwa na la kusema na hakujua aanzie wapi.

"Bosi wako alipima mafuta, kama ulivyomwambia," alisema hatimaye. "Alijua si wewe. Alikuwa anakungoja ufike akuombe radhi."

Fundi alikaa tena kwenye benchi. "Nami nimekaa nje ya mlango," alisema. "Namngoja aanze."

"Alikuwa amekufa zaidi ya saa nzima kabla hujafika. Hukuweza kufanya kitu."

"Mimi sikujua amekufa, afande. Mimi nilijua yuko hai, nikanuna." Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

Inspekta alivua kofia. "Na mimi nakuomba radhi kwa kukukamata."

"Kukamata ni kazi yako." Fundi aliinua uso. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililokuwa gumu. "Dada asingekuja jana, ungepima tena?"

Ilikuwa rahisi kusema ndiyo. Sajini alikuwa anasikiliza, na askari wa kaunta. Nje, gari la mahakama lilikuwa linapiga honi ya pili.

"Hapana," alisema Inspekta. "Nilikuwa nimeridhika. Nisingepima."

"Basi niombe radhi kwa hilo."

Inspekta akamwomba radhi kwa hilo, mbele ya wote, kofia mkononi. Fundi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamshika dada yake mkono, wakatoka.